Jiwe Lililovikwa Marumaru: Historia ya Fremu za Meko za Sleti

Kila nyumba ina mahali ambapo mwenyewe hupenda macho ya mgeni yatue kwanza. Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu, mahali hapo ni ukuta wa zidaka, ambamo vyombo vya kaure vilipangwa safu juu ya safu katika chokaa iliyonakshiwa. Katika nyumba za Uingereza za karne ya 19, mahali hapo palikuwa meko. Nchi ile ina majira marefu ya baridi, na kwa miezi mingi ya mwaka watu wake hawakuweza kukaa chumbani pasipo moto. Basi moto, ambao kwetu hukaa jikoni au uani pamoja na mafiga yake, kwao ulikaribishwa sebuleni, ukajengewa tundu ndani ya ukuta na dohani ya kupandishia moshi. Viti viliuelekea, watoto walisomeshwa mbele yake, barua za ndugu wa mbali zilisomwa kwa mwanga wake. Kwa hiyo kile kilichouzunguka moto kikawa uso wa nyumba nzima.

Uso huo ni fremu ya meko. Umbo lake ni jepesi kueleza: miimo miwili kulia na kushoto, mfano wa miimo ya mlango, kizingiti cha juu kinachoiunganisha, na juu ya kizingiti, rafu ya kuwekea saa, vinara na picha. Tajiri aliifanya fremu hiyo kwa marumaru iliyoletwa kwa meli kutoka Italia au Ubelgiji. Maskini aliifanya kwa ubao, au hakuwa nayo kabisa. Lakini baina ya tajiri na maskini lilizuka katika karne ile tabaka kubwa la makarani, walimu, wenye maduka na mafundi stadi, ambao hawakuwa na fedha za marumaru na walakini hawakutaka kuonekana hawana. Watu hao ndio walioletewa fremu za sleti. Na sleti hiyo, kabla ya kuwafikia, ilipakwa rangi na kuokwa tanuruni hata ikafanana na marumaru.

Insha hii yataka kuisoma fremu hiyo kama mtu asomavyo hati. Kila hati ina upande wa mbele na upande wa nyuma. Mbele ya fremu pana rangi, dhahabu na mng'aro. Nyuma yake, upande uliogandamizwa ukutani usionekane na mtu, pana jiwe la kijivu lenye alama za msumeno. Mbele paeleza matumaini ya wanunuzi. Nyuma paeleza kazi ya wachimbaji. Hoja yetu ni kwamba asomaye upande mmoja tu, uwe wa mbele au wa nyuma, amesoma nusu ya historia.

Neno lenyewe sleti lilitufikia sisi kwa njia ya shule. Vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki viliandikia hesabu zao juu ya kibao cheusi chenye ukingo wa mti, vikafuta na kuandika tena. Kibao kile kilikuwa jiwe. Asili yake ni matope laini mno yaliyotua chini ya bahari za kale, yakafunikwa na matope mengine, hata nguvu za dunia zikayakunja na kuyagandamiza kwa joto na uzito usiosemeka. Katika mgandamizo huo chembe zake zilijipanga zote upande mmoja, na ndiyo sababu sleti, tofauti na mawe mengi, yakubali kupasuliwa kwa patasi pana ikatoka mabamba membamba yaliyonyooka. Sleti ya machimbo ya Penrhyn na Dinorwig, kaskazini ya Wales, ina umri wa miaka yapata milioni 500, na rangi yake ni buluu ichanganyikayo na zambarau. Ile ya Blaenau Ffestiniog ni changa kidogo, na rangi yake ni kijivu.

Jiwe hili halinywi maji, haliungui, wala haliozi. Kwa sifa hizo lilifaa zaidi ya yote kuezekea mapaa, na paa ndilo lililoitajirisha Wales ya kaskazini. Wafanyabiashara waliyapa mabamba ya kuezekea majina ya vyeo vya mabibi wakubwa kwa kadiri ya ukubwa wake: Duchess lilikuwa na inchi 24 kwa 12, Countess inchi 20 kwa 10, Lady inchi 16 kwa 8. Hivyo mchimbaji aliyekuwa hana hata kipande cha ardhi alishinda kutwa akiwapasua mabibi wa kikabaila kwa nyundo na patasi.

Lakini si kila sleti ikubaliyo kupasuka vyema. Katika kila chimbo yalipatikana magogo mazito ya jiwe ambayo hayakufaa kwa paa. Hasara ya kazi hii ilikuwa kubwa tangu mwanzo, kwani kwa kila tani moja ya sleti njema, tani kumi au zaidi zilitupwa, na vilima vya kifusi vilivyotokana nazo vyaonekana hata leo juu ya miji ya Bethesda na Blaenau Ffestiniog. Mwenye chimbo alitafuta njia ya kugeuza sehemu ya hasara hiyo kuwa faida. Katikati ya karne ya 19 vilienea viwanda vya misumeno na randa, vilivyoendeshwa kwa maji au kwa mvuke, ambavyo viliyakata magogo hayo kuwa mabamba manene na mapana. Mabamba hayo yakawa meza za biliadi, matangi ya maji, ngazi, sakafu, mawe ya makaburi, na fremu za meko.

Soko lilikuwa tayari. Watu wa Uingereza na Wales, ambao katika hesabu ya mwaka 1801 walikuwa yapata milioni 8.9, walifika milioni 32.5 katika hesabu ya mwaka 1901. Kuwapa watu hao malazi, miji ilijengwa mtaa baada ya mtaa wa nyumba zilizoshikamana, na kila nyumba ilikuwa na meko si moja bali kadhaa: sebuleni, katika chumba cha kulia, na katika vyumba vya kulala. Idadi ya meko ilikuwa tangu zamani kipimo cha hali ya mtu. Baina ya 1662 na 1689 serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya shilingi mbili kwa mwaka kwa kila meko, kwa kuamini kwamba mwenye mioto mingi ndiye mwenye mali nyingi. Kodi ilifutwa, lakini fikira ile haikufutika. Mgeni alipoingia sebuleni bado aliyatazama meko ili ajue yu nyumbani kwa nani.

Hapo ndipo alipotokea George Eugene Magnus, mwenye kiwanda cha sleti huko Pimlico, London. Mnamo 1840 alipata haki ya kisheria ya ufundi wake wa kuipaka sleti rangi na kuioka. Wakati wa Maonyesho Makuu ya mwaka 1851, yaliyofanywa London ndani ya jumba la vioo, alionyesha vitu vya namna nyingi vya sleti iliyopambwa hivyo, fremu za meko zikiwamo, akatunukiwa medali. Tangu hapo ufundi ukaenea, na viwanda vingine vikaufuata.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Bamba lilikatwa, likapigwa randa, likasuguliwa kwa mchanga na maji mpaka likawa laini kama kioo. Likapakwa rangi ya msingi, mara nyingi nyeusi, likatiwa tanuruni na kuachwa humo kwa joto la wastani muda mrefu, hata rangi ikashikamana na jiwe. Kisha ikaja hila iliyokuwa siri ya ufundi. Fundi alijaza maji katika birika pana, akayanyunyizia rangi za mafuta, nazo zikaelea juu yake. Akazivuta na kuzikoroga kidogo, zikatanda kwa mishipa na mawingu mfano wa marumaru. Bamba likalazwa juu ya maji yale, nalo likaondoka na taswira yote iliyoelea. Mara nyingine mishipa ilichorwa kwa brashi na kwa unyoya wa ndege. Baada ya hapo ilipakwa vanishi, ikaokwa tena, ikasuguliwa kwa unga wa mawe laini mpaka ikang'aa. Mistari iliyochongwa kwa patasi ilijazwa dhahabu. Mwishowe vipande viliunganishwa kwa plasta na vikulabu vya chuma, fremu ikasimamishwa ukutani, na kati ya miimo yake likatiwa jiko la chuma cha kusubu la kuchomea makaa ya mawe.

Jiwe halikuchaguliwa kwa ajili ya bei peke yake. Fremu ya ubao ilikuwa hatari karibu na moto. Marumaru nayo, juu ya kuwa ghali, hula doa upesi na huharibiwa na asidi hata ya ndimu. Sleti ilistahimili joto, na rangi iliyookwa juu yake ilifutika vumbi na masizi kwa kitambaa kibichi. Kwa mke wa karani aliyekuwa na mjakazi mmoja au hana kabisa, jambo hilo halikuwa dogo.

Walikuwapo hata hivyo watu waliochukizwa. John Ruskin, mwandishi mashuhuri wa mambo ya sanaa, alikuwa amefundisha mwaka 1849, katika kitabu chake juu ya taa saba za ujenzi, kwamba kupaka kitu rangi ili kionekane ni cha maada nyingine ni udanganyifu usiostahili jengo jema. Charles Eastlake, ambaye kitabu chake juu ya mapambo ya nyumbani kilitoka mwaka 1868, alirudia shauri hilo kwa wenye nyumba wa kawaida: kila maada na ionekane jinsi ilivyo. Maneno haya yana uzito. Lakini yafaa kukumbuka kwamba aliyeweza kununua marumaru ya kweli hakuhitaji kuambiwa asinunue ya uwongo. Lawama ya wanazuoni hao, hata kama hawakuikusudia hivyo, ilimwangukia yule ambaye kwa mara ya kwanza katika ukoo wake alikuwa na sebule. Yeye hakutaka kumdanganya mtu; jirani zake wote walijua kwamba fremu ile si marumaru, kwa kuwa walikuwa na iyo hiyo. Alichotaka ni kuwa na sehemu yake ya uzuri, na fundi wa Pimlico alimwuzia sehemu hiyo kwa bei aliyoiweza.

Basi udanganyifu ulio mzito zaidi haukuwa katika rangi. Ulikuwa katika kusahau jiwe lilitoka wapi na kwa mali ya nani.

Chimbo la Penrhyn, ambalo lilipata kuwa chimbo kubwa la sleti kuliko yote duniani, lilikuzwa na Richard Pennant, bwana wa kwanza wa cheo cha Penrhyn, aliyefariki mwaka 1808. Tangu miaka ya 1780 aliwaondoa wachimbaji wadogo waliokuwa wakichimba kwa kulipa kodi, akaiweka kazi yote mikononi mwake, akajenga bandari karibu na Bangor na njia ya reli ya kuvutwa na farasi hadi baharini. Fedha za kufanya hayo zilitoka katika mashamba ya miwa ya ukoo wake huko Jamaika, yaliyolimwa na watumwa wa Kiafrika. Pennant mwenyewe alikuwa mbunge wa Liverpool, na bungeni aliitetea biashara ya watumwa bila kusita. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kuondoa utumwa katika makoloni mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za kuwafidia mabwana. Mrithi wake, George Hay Dawkins-Pennant, alilipwa pauni 14,683 kwa ajili ya watu 764. Watu hao 764 hawakulipwa kitu. Msomaji wa pwani yetu hataona ajabu, maana amri ya 1897 iliyoondoa hali ya utumwa katika Unguja nayo iliwakumbuka mabwana kwa fidia.

Hivyo sukari ya Jamaika iligeuka kuwa sleti ya Wales, na sleti ikageuka kuwa ngome. Dawkins-Pennant alijijengea kasri kubwa la mawe karibu na Bangor katika miaka ya 1820 na 1830, na ndani yake kiko hata leo kitanda cha sleti chenye uzito wa tani moja, kilichotengenezwa kwa ajili ya Malkia Victoria, aliyezuru kasri hilo mwaka 1859. Husimuliwa kwamba malkia alikataa kukilalia, kwa kuwa kilimkumbusha kaburi.

Wakati mabwana walikuwa wakionyesha kwamba sleti yaweza kuwa kitanda cha malkia, wachimbaji wao walikuwa wakiitenda sleti kwa namna nyingine. Katika bonde la mto Ogwen, chini ya chimbo la Penrhyn, zipo nyumba ndogo za wafanyakazi ambazo fremu za meko yake ni za sleti tupu, isiyopakwa rangi wala kuokwa, bali iliyochorwa kwa ncha ya chuma. Nyingi ni za miaka ya 1820 na 1830, yaani kabla ya ufundi wa Magnus kujulikana. Juu yake pana maua ya duara yaliyopimwa kwa bikari, nyota, michoro ya jua na sayari, alama za nota za muziki, majina na tarehe. Waliozichora hawakuwa mafundi wa mapambo wa kulipwa. Walikuwa wachimbaji walioipasua sleti mchana kwa ajili ya mapaa ya wengine, na jioni wakaichora kwa ajili ya meko yao wenyewe.

Tuziweke fremu hizi mbili pamoja. Ile ya London ni jiwe lililofundishwa kusema kwa sauti ya jiwe jingine. Hii ya bonde la Ogwen ni jiwe lisemalo kwa sauti yake, na lisemalo ni elimu: jometria, falaki, muziki. Mtu aliyekuwa hana shule kubwa aliandika juu ya meko yake kile alichokuwa amejifunza, kama mwanafunzi aandikavyo juu ya kibao chake, ila yeye aliandika ili kisifutike.

Kiu hiyo ya elimu haikuishia mekoni. Katika vibanda vya machimboni walimolia chakula, wachimbaji walikuwa na desturi ya kujadiliana juu ya dini, siasa na ushairi, kwa lugha yao ya Kiwelisi, wakiwa na mwenyekiti na utaratibu wa mkutano. Chuo Kikuu cha Wales ya Kaskazini kilipofunguliwa Bangor mwaka 1884, sehemu ya fedha za kukianzisha ilikuwa imechangwa na wachimbaji kutoka katika ujira wao wa juma. Ni vyuo vichache duniani ambavyo msingi wake umewekwa kwa senti za watu ambao wengi wao hawakutazamia kuingia humo kamwe.

Ujira wenyewe haukuwa na uhakika. Kikundi cha watu watatu au wanne kilikabidhiwa kipande cha mwamba kwa mwezi, na kila mwezi kilipaswa kupatana bei upya na msimamizi. Mwamba mwema ulilipa. Mwamba mbaya uliwaacha na deni. Na msimamizi ndiye aliyejua nani apewe upi. Chama cha wachimbaji cha Wales ya Kaskazini kilianzishwa mwaka 1874 ili kuipinga hali hiyo. Mwishoni mwa karne machimbo ya Wales yalifika kilele chake: mwaka 1898 watu wapatao 17,000 walitoa karibu tani nusu milioni za sleti. Miaka miwili tu baadaye, tarehe 22 Novemba 1900, watu yapata 2,800 wa chimbo la Penrhyn walitoka kazini, kwa sababu bwana wao alikataa kukitambua chama chao. Mgomo ule ulidumu miaka mitatu. Katika madirisha ya Bethesda ziliwekwa kadi zenye maneno ya Kiwelisi yasemayo kwamba nyumba hii haina msaliti. Dirisha lisilokuwa na kadi lilijulikana. Njaa ilipowashinda, mwezi wa Novemba 1903, mgomo ulivunjika. Wengine walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye migodi ya makaa ya kusini, na wengine hawakukubaliwa tena chimboni. Uadui baina ya familia za waliogoma na za waliorudi ulidumu vizazi.

Na palikuwa na adui mwingine asiyetoa kadi. Misumeno na randa za viwandani, zile zile zilizoyafanya mabamba ya fremu kuwa laini, zilijaza hewa vumbi jembamba la jiwe. Vumbi hilo likiingia mapafuni halitoki, hufanya makovu, na mtu hukosa pumzi mpaka afe. Walikuwapo madaktari waliolipwa na machimbo walioshikilia kwamba vumbi la sleti halina madhara, wakalaumu chai ambayo wachimbaji waliichemsha mno. Sheria ya Uingereza iliyowapa wagonjwa hao na wajane wao fidia ambayo waajiri wao wa zamani, wengi wakiwa wamekwisha kufunga kazi, hawakuweza tena kudaiwa, ilipitishwa mwaka 1979. Fidia ya bwana wa watumwa ililipwa katika miaka michache baada ya sheria ya 1833. Ya mchimbaji ilisubiri karibu karne moja na nusu.

Fremu za sleti hazikubaki Uingereza peke yake. Wachimbaji wa Wales waliohamia Marekani katikati ya karne ya 19 walikuta sleti njema katika jimbo la Vermont, na miji ya Fair Haven na Castleton ikawa na viwanda vya kuipaka sleti sura ya marumaru. Fremu zao zilijaza nyumba za safu za New York na Brooklyn, na nyingi zingalipo. Ufundi ulivuka bahari pamoja na mikono iliyoujua.

Kuanguka kwa fremu hizo kulitokana na kuanguka kwa moto wenyewe. Mwanzoni mwa Desemba 1952 ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa uliifunika London siku tano, na maelfu ya watu wakafa kwa kukosa pumzi. Mwaka 1956 Bunge lilipitisha sheria ya hewa safi, iliyoziwezesha serikali za miji kuukataza moshi. Umeme, gesi na mabomba ya maji ya moto yakachukua kazi ya makaa. Meko yakazibwa kwa mbao, na fremu nyingi zikang'olewa na kutupwa pamoja na kifusi. Kile kilichokuwa uso wa nyumba kikawa takataka kwa muda wa kizazi kimoja.

Kisha kama ilivyo desturi ya dunia, kilichotupwa na baba kikaokotwa na mjukuu. Siku hizi wako wafanyabiashara wanaokusanya fremu hizo kutoka nyumba zinazobomolewa na kuziuza kwa bei nzuri. Mnunuzi huijua sleti kwa kuangalia nyuma ya kipande au mahali palipobanduka, ambapo kijivu cha jiwe huonekana. Na tone la asidi, litoalo povu juu ya marumaru, juu ya sleti hukaa kimya. Lakini wengi, wakisha kuinunua, huibandua rangi yote kwa dawa, wakalisugua jiwe tupu kwa mafuta, wakisema wamelirudishia ukweli wake. Hapa ndipo penye swali la kweli kwa mwanahistoria.

Ni kweli kwamba jiwe tupu ni zuri, nasi tumeona katika bonde la Ogwen jinsi lilivyoheshimiwa na waliolijua. Lakini fremu ya Magnus haikupata kuwa tupu hata siku moja sebuleni. Kuibandua si kuirudisha hali yake ya asili. Ni kuiumbia asili isiyokuwa nayo. Anayeibandua huufuta ustadi wa yule aliyeyafanya maji yachore mishipa, na hufuta pia haja ya karani ya kuwa na kitu kizuri. Tena hudhani amemfikia mchimbaji, na sivyo. Mchimbaji hayumo katika mng'aro wa mafuta mapya, bali katika alama za msumeno nyuma ya bamba, ambazo mnunuzi huzirudisha ukutani bila kuzisoma. Rangi si adui wa ukweli wa jiwe. Rangi ni sura moja ya ukweli huo na msumeno ni sura nyingine, na vyote viwili vyapasa kuhifadhiwa pamoja. Fremu iliyobanduka kidogo pembeni, ambayo marumaru yake ya uwongo na sleti yake ya kweli vyaonekana kwa wakati mmoja, ni hati iliyo kamili kuliko ile iliyotengenezwa upya.

Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiingiza nchi ya sleti ya kaskazini-magharibi ya Wales katika orodha ya urithi wa dunia: machimbo, viwanda, reli, miji ya wafanyakazi na vilima vya kifusi. Ni haki kwamba vilima navyo vimehesabiwa, kwa kuwa navyo ni nyuma ya fremu. Lakini urithi huo hauko Wales peke yake. Sehemu yake iko Clarendon, Jamaika, katika mashamba ambako watu walivuna miwa bila ujira. Na sehemu nyingine imesimama kimya katika sebule elfu za London na Brooklyn, imebeba saa na picha za harusi.

Mwanafunzi wa historia ya nyumba na vyombo vyake, popote alipo, aweza kuchukua kwa jiwe hili kanuni moja ya kazi. Aonapo pambo, na alipe kwanza heshima yake, maana hakuna mtu ajipambiaye bure. Ajiulize mwenye nyumba alitaka kuonekana nani, na kwa nini. Kisha na aligeuze, atazame nyuma.